Zoezi Bila Shabaha: Funzo Kutoka Uwanja wa Gofu

Kila mwanachuo aliyewahi kuandika andalio la somo amekutana na neno "shabaha", ama katika karatasi yake mwenyewe, ama katika maandalio ya walimu waliomtangulia. Walimu wale waliliandika juu kabisa, kabla ya zana, kabla ya utangulizi na kabla ya hatua za somo. Siku hizi tunatumia zaidi maneno kama malengo na umahiri, nayo ni maneno mazuri. Lakini neno lile la zamani lina faida moja ambayo yafaa tuikumbuke. Limetoka katika kulenga. Shabaha ni kile kitu kinacholengwa na mpiga mshale, na mpiga bunduki, na mtoto mwenye manati chini ya mwembe. Mtu asiye na shabaha hawezi kukosa. Na mtu asiyeweza kukosa hawezi kujifunza.

Katika makala haya tunakusudia kulizungumzia zoezi: ni lini zoezi humfaa mwanafunzi, na ni lini humchosha bure. Tutatumia mfano ambao huenda ukawashangaza baadhi ya wasomaji, yaani mchezo wa gofu. Tunajua kwamba wengi wenu hamjapata kushika fimbo ya gofu. Tunajua pia kwamba mchezo huu uliletwa na wakoloni, na kwa miaka mingi ukawa wa watu wachache. Hata hivyo hapa Moshi si mchezo mgeni. Kipo kiwanja cha klabu mjini, na kipo kingine katika shamba la miwa la TPC huko Arusha Chini. Wapo vijana walioujua mchezo huu kwa kubeba mikoba ya wachezaji kabla ya wao wenyewe kupiga mpira hata mmoja. Hatuuleti mchezo huu hapa ili shule zetu za msingi zinunue fimbo. Tunauleta kwa sababu mazoezi ya gofu yanatuonyesha waziwazi kosa ambalo sisi walimu tunalifanya darasani kila siku bila kuliona.

Tuliyoyaona

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti tuliandamana na kundi dogo la wanachuo wa michezo kwenda kutazama mazoezi katika kiwanja kimoja cha gofu. Wingu lilikuwa limeufunika Mlima, na baridi ya msimu ule ilikuwa bado haijaachia. Pembeni mwa kiwanja palikuwa na sehemu ya wazi, ambapo wachezaji husimama mahali pamoja na kupiga mipira mingi mfululizo, kwa ajili ya kujizoeza tu. Tuliwakuta watu wawili.

Wa kwanza alikuwa mtu mzima aliyevaa vizuri, mwenye kikapu cha mipira isiyopungua mia moja. Alichagua fimbo ndefu kuliko zote na kuanza kupiga. Alipiga kwa nguvu, mpira baada ya mpira, na mara nyingi aliinama kuuweka mpira wa pili kabla ule wa kwanza haujatua. Baada ya muda wa dakika arobaini kikapu kilikuwa kitupu na shati lake limelowa jasho. Alijifuta uso, akasema kwa furaha kwamba leo amefanya mazoezi ya kutosha. Mwanachuo mmoja akamsogelea kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Samahani, ulikuwa unalenga wapi?"

Yule mzee akacheka. "Marahaba, mwanangu. Mbele tu."

Wa pili alikuwa kijana mbeba mikoba aliyemaliza kazi yake ya asubuhi. Yeye alikuwa na mipira 12 tu, iliyochakaa. Alikuwa amechomeka vijiti vitatu vyenye vitambaa, kimoja karibu, kimoja mbali kidogo, na kimoja mbali zaidi. Kabla ya kila pigo alisimama nyuma ya mpira, akakitazama kijiti, akachagua fimbo, kisha akapiga. Hakuinama tena mpaka mpira ulipotulia. Alijisemea neno moja, "mfupi", au "kushoto", akahamisha kokoto kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule, kisha akageukia kijiti kingine kwa fimbo nyingine. Mipira yote 12 ilipokwisha, aliifuata kwa miguu na kuitazama mahali ilipolala kabla ya kuiokota.

Tulimwuliza amefanikiwa kiasi gani. Akajibu bila kufikiri: "Leo mipira mitano imelala ndani ya hatua tano kutoka kwenye kijiti. Jumamosi iliyopita ilikuwa mitatu. Mingi niliyokosa imekuwa mifupi. Kwa hiyo ninalenga vizuri, ila ninakadiria umbali vibaya."

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kijana yule ni mchezaji bora kuliko mzee yule. Huenda wakishindana, mzee akamshinda. Tunachosema ni kwamba saa ile moja ilimpa kila mmoja kitu tofauti. Mzee aliondoka na jasho. Kijana aliondoka na jasho dogo zaidi, na habari kamili juu ya kosa lake.

Uwanja wa mazoezi si uwanja wa mchezo

Ili tufahamu kwa nini mipira mia moja inaweza kuzidiwa na mipira 12, hatuna budi kuutazama mchezo wenyewe. Gofu huchezwa kwa mashimo 18, na penye kiwanja cha mashimo 9 wachezaji huweza kukizunguka mara mbili. Kila shimo lina upana wa milimita 108, kiasi cha kikombe kikubwa cha chai. Mchezaji anaruhusiwa kubeba fimbo zisizozidi 14, kila moja na kazi yake. Anapiga pigo moja, anatembea dakika kadhaa, kisha anapiga jingine kutoka mahali papya: pengine kwenye majani marefu, pengine kwenye mteremko, pengine upepo ukimkabili. Katika ardhi yetu hii inayoteremka kutoka Mlimani, ni mara chache miguu miwili kusimama usawa mmoja. Akikosea, hapewi mpira mwingine ajaribu tena palepale kana kwamba hakupiga.

Katika sehemu ya mazoezi mambo yote hayo yamegeuka. Ardhi ni ileile, fimbo ni ileile, umbali ni uleule, na mpira wa pili unapigwa sekunde chache baada ya wa kwanza. Mpigaji akikosa mara mbili, mara ya tatu hupata, kwa kuwa mkono bado unakumbuka ulichofanya sasa hivi. Yeye hudhani amejifunza. Kwa kweli ameazima tu. Jioni akifika kiwanjani anatakiwa kurudisha alichoazima.

Tena liko jambo la uwiano. Katika kiwanja ambacho mchezaji hodari hutazamiwa kukimaliza kwa mapigo 72, mapigo 36 yamehesabiwa kwa ajili ya kuusukuma mpira taratibu kuelekea shimoni, mawili kwa kila shimo. Yaani nusu ya kazi yote ni mapigo madogo ya karibu. Pamoja na hayo, mtu akipewa kikapu cha mipira, aghalabu hutumia karibu chote kwa pigo refu, kwa sababu pigo refu hupendeza macho na masikio. Hufanya mazoezi ya kile anachokipenda, na kukiacha kile kinachomgharimu.

Namna ya kulipa zoezi maana

Basi mchezaji afanye nini ili kikapu chake kisiwe cha bure? Tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, kila pigo liwe na shabaha inayoonekana na inayopimika. "Mbele" si shabaha. Mti fulani, kijiti, au duara lililochorwa chini ni shabaha, maana baada ya pigo mtu yeyote anaweza kusema kama imefikiwa au haikufikiwa, na kwa hatua ngapi.

Pili, mchezaji arekebishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, na ikiwezekana mawazo yake yaelekezwe kwenye kile kinachofanyika nje ya mwili wake. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu wasiowahi kucheza gofu. Baadhi waliambiwa waelekeze mawazo kwenye mwendo wa mikono yao. Wengine kwenye mwendo wa fimbo. Wale wa fimbo walilenga vizuri zaidi, wakati wa mazoezi na hata walipopimwa baadaye bila kukumbushwa. Kumwambia mwanafunzi mambo sita juu ya kiwiko, bega na goti kwa pumzi moja ni kumfunga kamba.

Tatu, matokeo yatazamwe, na mwenye kupiga awe wa kwanza kuyasema. Mwalimu anayetoa hukumu baada ya kila pigo humfanya mwanafunzi ategemee mdomo wa mwalimu kama kiwete anavyotegemea gongo. Siku ya mchezo mwalimu hayupo. Kwa hiyo yafaa mwanafunzi aseme kwanza, "ulikuwa mfupi", na mwalimu aongeze neno baada ya mapigo kadhaa.

Nne, zoezi libadilike. Hili ndilo gumu kuliko yote kukubalika, kwa kuwa zoezi linalobadilika huonekana kama linaharibika. Mwaka 1986 Sinah Goode na Richard Magill walichunguza wanafunzi waliojifunza namna tatu za kuanzisha mpira wa vinyoya. Kundi moja lilizoezwa namna moja kwa siku nzima kabla ya kuhamia nyingine. Kundi jingine lilichanganyiwa namna zote tatu ovyo ovyo. Walipopimwa baadaye, na hasa walipotakiwa kupiga kutoka upande wa uwanja ambao hawakuuzoea, wale waliochanganyiwa ndio walioshinda. Linalotugusa zaidi sisi walimu wa watoto ni jaribio la Robert Kerr na Bernard Booth la mwaka 1978. Watoto wa miaka 8 walirusha vifuko kulenga shabaha. Baadhi walizoezwa kwa umbali wa futi 3 tu. Wengine walizoezwa kwa futi 2 na futi 4, bila kuigusa futi 3. Mwishoni wote walipimwa kwa futi 3. Walioshinda ni wale ambao hawakuwahi kuuzoea umbali ule. Walikuwa wamejifunza kukadiria, ilhali wenzao walikuwa wamejifunza kurudia.

Tano, zoezi liishe kwa jaribio linalofanana na mchezo wenyewe. Mchezaji na aweke kando mipira 9 ya mwisho, afikirie mashimo 9 ya kiwanja anachokijua, na kupiga mpira mmoja tu kwa kila shimo: achague fimbo kama angekuwa pale, apige mara moja, asirudie. Kisha aandike katika daftari mingapi imekwenda alikokusudia. Daftari lile likikaa miezi mitatu litamfundisha mengi kuliko rafiki anayemsifu.

Mtu mwenye mipira 60 anaweza kuigawa hivi: 20 ya kupasha mwili moto na kurekebisha jambo moja, 20 ya kubadilisha fimbo na umbali, na 20 ya kucheza kana kwamba yuko kiwanjani, mingi kati ya hiyo ikiwa ya mapigo ya karibu. Apumzike katikati. Akichoka kiasi cha kutojali mpira umekwenda wapi, aache. Zoezi limekwisha hata kama kikapu hakijaisha.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaotujibu kwa methali: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Watasema, heri mtu apige mipira mia bila shabaha kuliko kukaa nyumbani. Kwa afya ya mwili tunakubali. Lakini katika kujifunza, mwenda bure huokota kweli, na anachokiokota mara nyingi ni kosa. Mtu anayepiga mipira mia kwa mkao mbaya haubaki mkao ule kama ulivyokuwa. Anauzoea, nao unakuwa tabia. Kuung'oa baadaye ni kazi kubwa kuliko kuanza upya.

Wengine watasema kwamba anayeanza kabisa anahitaji kurudia jambo moja. Hii ni hoja ya haki, nasi tunaikubali kwa kipimo. Mtu ambaye bado hajui kuishika fimbo hawezi kubadilishiwa fimbo tano. Na arudie pigo lilelile mpaka umbo la tendo limeeleweka. Ila mara tu linapoeleweka, siku hiyohiyo, aanze kuhamishwa. Kosa letu si kwamba tunaanza kwa kurudia. Kosa letu ni kwamba tunaishia hapohapo.

Kutoka kiwanjani kuja darasani

Sasa tuseme wazi kwa nini tumewasumbua wasomaji kwa habari za fimbo na mashimo. Tulipoondoka kiwanjani siku ile, mwanachuo mmoja alituambia njiani: "Mwalimu, yule mzee wa kikapu ni mimi nikifundisha hesabu." Tukanyamaza, maana tulijiona sisi pia.

Katika miaka yetu ya kwanza ya ualimu, tulipokuwa tukifundisha katika shule moja ya huku mlimani, tuliihesabu kazi yetu kwa daftari zilizojaa. Tuliandika ubaoni kichwa "Kutoa", na chini yake maswali 30 ya kutoa. Watoto waliinama, wakatoa, tukasahihisha kwa vema nyekundu, na wazazi walipofungua daftari walifurahi. Ijumaa tukaleta maswali 10 yaliyochanganyika. Mtoto aliyepata yote 30 siku ya Jumanne alipata 3. Alikuja mezani na kutuuliza swali ambalo kila mwalimu wa shule ya msingi amewahi kulisikia: "Mwalimu, hapa nijumlishe au nitoe?"

Tulimkaripia kwa uvivu. Leo tunaona kwamba mvivu hakuwa yeye. Siku ya Jumanne hakuhitaji kuamua kitu chochote. Kichwa cha habari ubaoni kilikuwa kimekwisha kuamua kwa niaba yake. Alikuwa amepiga mipira 30 kwa fimbo aliyochaguliwa na mwalimu. Siku ya Ijumaa alitakiwa kuchagua fimbo mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumfundisha kuchagua. Mtoto wa namna hii humaliza shule akiwa amefanya maelfu ya hesabu, na akisimama sokoni Kiboriloni na mikungu ya ndizi ya mama yake hajui hesabu ipi ya kufanya. Hasara hiyo ni yake na ya nyumba yao, na ni sisi tuliomtia hasarani.

Dawa yake si ngumu. Kutoa kukiisha kueleweka kwa maswali 6 au 8, maswali yanayofuata yachanganywe: moja la kutoa, moja la kujumlisha, moja la kuzidisha, jingine la maneno matupu yasiyotaja tendo lolote. Kabla ya kukokotoa, mtoto aseme au aandike kwanza tendo alilolichagua na sababu yake. Maswali 12 ya namna hii yana thamani kuliko 30 ya kikapu. Katika mwandiko pia, mtoto akiandika mstari wa herufi moja, mwambie aizungushie duara ile iliyo nzuri kuliko zote na kueleza kwa nini ameichagua. Amekwisha kupata shabaha na kipimo.

Katika kipindi cha michezo hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa wengi hukiona kama kipindi cha kupumzika. Darasa la watoto 70 hupewa mpira mmoja wa netiboli. Mmoja anarusha, 69 wanasubiri mstarini. Tunawashauri wanachuo wajaribu hivi. Watoto washone vifuko 35 kwa mabaki ya kanga na vitenge, na kuvijaza mchanga mkavu au mbegu zisizofaa kuliwa. Wakae wawili wawili. Kila jozi ichore chini kwa majivu duara moja, na mistari mitatu ya kurushia, kwa hatua 2, 3 na 4. Mrushaji abadilishe mstari kila mara, asirushe mara mbili mfululizo kutoka mahali pamoja. Kila kifuko kinapotua, yeye mwenyewe aseme kimeangukia wapi, na mwenzake aweke kokoto kwa kila kilichoingia. Baada ya mirusho 9, wabadilishane. Mwishoni kila mtoto apewe mirusho 3 tu ya mashindano, bila kurudia. Kwa mpango huu, katika dakika 30 kila mtoto atarusha mara nyingi kuliko anavyorusha katika muhula mzima wa kusubiri mstarini, na kila mrusho utakuwa na maana.

Itasemwa kwamba mwalimu mmoja hawezi kuwatazama watoto 70. Kweli hawezi, wala hatakiwi. Kazi yake ni kupita kati ya jozi na kuuliza swali moja: "Ulilenga wapi, na kimeangukia wapi?" Mtoto anayeweza kulijibu anajifunza hata mwalimu akiwa upande wa pili wa uwanja. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka shule zetu zijenge akili ya kudadisi na moyo wa kujiamini. Hatuoni njia fupi ya kuvijenga hivyo kuliko kumzoeza mtoto kupima kazi yake mwenyewe kabla ya kungoja vema ya mwalimu.

Na zoezi la mwalimu mwenyewe

Linabaki jambo moja linalowahusu ninyi wanachuo moja kwa moja. Mnapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, ninyi pia mnapewa kikapu. Mwanachuo anaweza kufundisha vipindi 40 katika majuma yale, na cha arobaini kikafanana na cha kwanza, makosa yake yakiwa yamekomaa tu. Atarudi chuoni amechoka, na kusema kama yule mzee kwamba amefanya mazoezi ya kutosha.

Tunawasihi mchague shabaha moja kwa kila juma. Juma la kwanza, kwa mfano, liwe la kungoja: baada ya kuuliza swali, kaa kimya mpaka umehesabu tano moyoni kabla ya kumtaja mtoto. Mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa na kuhesabu ni mara ngapi umengoja na ni mara ngapi umelijibu swali lako mwenyewe. Baada ya kipindi sema wewe kwanza, kisha yeye akusomee hesabu yake. Juma la pili badilisha: darasa jingine, somo jingine, shabaha nyingine, huku ile ya kwanza ikipimwa tena mara moja bila kutangazwa. Juma la mwisho fundisha kipindi kimoja kana kwamba ndicho pekee utakachopewa, na kuandika katika daftari yaliyotokea.

Mkufunzi anayekuja kukukagua hatakufaa sana kama wewe mwenyewe hujui ulikuwa unajaribu nini. Akikuuliza, "Kipindi hiki ulilenga wapi?", pasiwe na mwanachuo wa chuo hiki atakayejibu, "Mbele tu." Na wale watakaojaribu zoezi la vifuko au hesabu za kuchanganya katika shule walizopangiwa, tunawaomba watuletee daftari zao muhula ujao, zenye yaliyofaulu na yaliyoshindikana, ili yajadiliwe katika kurasa hizi.